Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwaita Watoto Wapike na Kufanya Kazi za Mikono

Shule zikifungwa, nyumba nyingi za Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, hujaa watoto ambao wakikosa kazi huitafuta wenyewe, na mara nyingi wanayoipata si ile ambayo mzazi angewachagulia. Kuwaita wakande unga wa maandazi, wafinyange udongo au washone mdoli wa vitambaa ni jambo jema. Hata hivyo, matayarisho yote yafanyike kabla hawajaitwa, kwa sababu mtoto wa miaka 3 akishaona unga mbele yake hakusubiri ukatafute sinia.

Anza na mikono. Ioshwe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, wala si wote kuchovya katika beseni moja. Mkoa uliopatwa na kipindupindu cha kijiji cha Kagunga mwaka 2015 hauhitaji kuelezwa sababu. Kucha zikatwe, nywele ndefu zifungwe, na nguo za kuburuza zivuliwe.

Jiko la mkaa likae nje, upande ambao watoto hawapiti, na lisiingizwe ndani kwa kisingizio cha mvua, kwa kuwa mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watoto wakande, wakate maumbo kwa kikombe, wapange kwenye sinia. Kukaanga ni kazi ya mtu mzima peke yake, na wakati huo wao wawe wamehamishwa kabisa, si kuambiwa tu warudi nyuma. Mawese yakishika moto, funika sufuria kwa mfuniko na uondoe moto chini yake, usimwage maji. Mtoto akiungua, mmiminie maji ya kawaida ya baridi kwa dakika 20, kisha umpeleke kwenye kituo cha afya. Dawa ya meno, unga na mayai havina kazi hapo.

Kuhusu kuonjaonja: karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, kwa hiyo kashata za watoto zitengenezwe kwa karanga zilizosagwa. Asali isimfikie mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata kwa ncha ya kidole. Muhogo mchungu usimenywe mbele ya watoto, maana watautafuna mbichi, na sumu yake haijatoka mpaka ulowekwe na kukaushwa. Na kwa kuwa tuko kwenye mkoa wa michikichi, ambako sabuni ya mawese au ya mise (kokwa za chikichi) hutengenezwa uani, niseme waziwazi kwamba hiyo si kazi ya mikono ya kuwafundisha watoto wadogo. Kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, huchoma ngozi na macho hata kabla ya kuchanganywa na mafuta. Usiku, watoto wakiwa wamelala, ndiyo saa yake.

Hayo yote wengi wanayajua. Jambo ambalo wengi hawalijui, nami nililiona kwa macho nyumbani kwa jirani, ni la punje ya maharage.

Watoto walikuwa wamepewa kipande cha boksi na gundi ya uji wa unga wa muhogo, wabandike maharage kutengeneza picha ya samaki: ya njano kwa mwili, mekundu kwa mapezi. Ni kazi nzuri, haina moto, haina kisu, na ndiyo maana watu wazima waliwaachia wakaenda kupembua dagaa upande wa pili wa ua. Kisu kina heshima yake, kila mtu anakiogopa. Maharage hayaogopwi na mtu. Mdogo wao kabisa, ambaye alikuwa hajaanza shule ya awali, alisukuma punje moja puani. Hakulia. Aliendelea kubandika, mdomo wazi, akipumua kwa kinywa, mpaka dada yake alipomwuliza jicho la samaki limekwenda wapi, naye akagusa pua.

Hapo ndipo watu wazima walipoharibu. Shangazi alichomoa njiti ya fagio akajaribu kuikokota punje, nayo ikazama zaidi, damu ikaanza kutoka. Mtu mwingine akashauri pua imwagiwe maji ili punje ielee itoke. Kila mmoja alikuwa na nia njema, na kila mmoja aliongeza tatizo, kwa sababu maharage makavu yakipata unyevu hufanya lile lile yanalofanya usiku kucha kwenye sufuria: huvimba. Walipofika hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa kama wamemwagia kitu chochote. Punje ilitolewa kwa kifaa chembamba chenye ncha iliyopinda, mtoto akiwa amefungwa kwenye shuka na kushikwa na watu wazima watatu, ikatoka imepasuka ganda na kujaa kiasi kwamba ungedhani haikuwahi kupita kwenye kitundu kile.

Daktari alieleza mambo ambayo yafaa kila nyumba yenye watoto iyafahamu. Mtoto akalishwe wima na atulizwe, kwa sababu akilia huvuta hewa kwa nguvu, na hatari kubwa si pua bali punje kuvutwa ndani ikafika kwenye njia ya hewa. Kama ni mkubwa wa kuelewa, afunge mdomo, azibwe kitundu kisicho na punje, kisha apenge mara chache. Kama haitoki, acha. Usiingize njiti, pini wala kidole, usimlaze chali, usimwage maji wala mafuta, mpeleke. Ikiwa ni mbegu iliyoingia sikioni, maji ni marufuku vilevile. Na kama kilichoingia ni betri ndogo ya mviringo, ile ya saa na ya midoli inayolia, usijaribu lolote nyumbani, kwa kuwa huunguza nyama ya ndani katika muda wa saa 2 tu, iwe puani au kooni.

Kwa hiyo, kabla ya kazi yoyote ya kubandika au kutunga, pima vifaa vyako. Chukua kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: kila kinachopenya ndani yake hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3, na hata kwa wakubwa wake kiwekwe kwenye sahani, kihesabiwe kabla na baada, huku mtu mzima akiwa ameketi pale pale. Wadogo wape maganda makubwa ya mahindi, vipande vya kitambaa, majani makavu ya mwembe. Samaki atapendeza vilevile.

Mbegu za kuokota porini zichunguzwe moja moja. Zile nyekundu zenye doa jeusi, macho ya tipitipi, zinavutia mno kwa shanga, lakini zina sumu kali. Ganda lake gumu ndilo linaloizuia, nawe ukishalitoboa upitishe uzi umekwisha kuifungulia njia. Mbarika nazo ni hivyo hivyo. Usiziingize nyumbani hata kama binti wa jirani amevaa bangili yake miaka yote.

Udongo wa kufinyanga achimbe mtu mzima, maana watoto wakitumwa ziwani hawarudi na udongo tu. Kuna kuzama, na kuna kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye magugu. Sindano zirudi kwenye mto wake kabla ya mtu kuinuka. Nyuzi ndefu na mifuko ya plastiki visiachwe sakafuni palipo na mtoto anayetambaa. Mtoto wa jirani akija, muulize mama yake kama kuna chakula kinachomdhuru. Simu ikilia iache, au mpokezane na mtu mzima mwingine kwanza. Wakishachoka, funga kazi hata kama maandazi hayajaisha, kwa sababu mtoto aliyechoka huanza kutia vitu mdomoni, na ukishamaliza fagia pale chini ya meza pia, na kwenye pembe za mkeka.