Kuisoma Saint-Pierre ya jana na ya leo, ukiwa Unguja

Ukisoma vitabu vya wasafiri kuhusu mji wa Saint-Pierre, chora safu nne daftarini: mwaka mwandishi aliosafiri, mwaka kitabu kilipotoka, alichokiona kwa macho yake, alichosimuliwa. Safu mbili za mwanzo ndizo zinazowaponyoka wasomaji. Pima kwa kitabu cha kwetu: msafiri Mwingereza Richard Burton alikuwepo Unguja 1857, lakini kitabu chake kuhusu Zanzibar kilitoka 1872, mwaka uleule ambao kimbunga cha Aprili kiliing'oa mikarafuu ya kisiwa. Ukidhani mwaka wa kuchapwa ndio wa safari, unayatembelea mashamba yaliyokwisha kulala chini.

Sasa Saint-Pierre, kisiwani Martinique, katika Karibi. Ukitafuta kwenye intaneti, andika na jina la kisiwa. Ipo Saint-Pierre nyengine kisiwani Réunion, kwenye bahari yetu hii hii, na picha za miji hii huchanganyika.

Anza na cha zamani. Mwandishi Lafcadio Hearn aliishi huko Martinique kati ya 1887 na 1889, kitabu chake, Two Years in the French West Indies, kikatoka 1890. Kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Anaeleza mji wa mawe, mitaa myembamba, mapaa ya vigae vyekundu. Mtu wa Mji Mkongwe atahisi yuko mtaani Malindi, na mtego ndio huo: utaanza kumjazia baraza na milango ya nakshi ambayo hakuitaja. Andika alichokitaja tu.

Sura ya wanawake wachukuzi, wanaobeba bidhaa kichwani kuvuka milima, isome polepole na kalamu mbili. Ya buluu upigie mstari vinavyohesabika: uzito, mwendo, ujira. Nyekundu upigie sifa za watu, hasa rangi za ngozi, ambazo Hearn hachoki kuzieleza. Ya buluu yanakupa mji. Mekundu yanakupa Hearn. Maili zigeuze papo hapo (1 ni kilomita 1.6), usingoje mwisho wa sura.

Anapoupanda mlima Pelée, kumbuka hajui kinachokuja. Tarehe 8 Mei 1902, mnamo saa mbili asubuhi ya huko, volkano hiyo iliuteketeza mji kwa dakika chache. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 28,000, wengine huandika 30,000. Kwa hiyo kitabu cha baada ya hapo kinaposema "mji", uliza: magofu, au mji mdogo uliojengwa upya?

Kwa maandishi mapya kuna kipimo rahisi. Karibu kila msafiri humtaja mfungwa Cyparis, aliyenusurika ndani ya seli yake ya mawe. Anayesema alipona yeye peke yake amenakili tu, kwani fundi viatu Léon Compère-Léandre naye alitoka hai. Jambo hilo liingie safu ya nne, na mengine yake yasome kwa shaka.

Picha isiyo na tarehe nayo husema: ukiona ngazi za ukumbi wa maonyesho hazina jengo juu yake, ni ya baada ya 1902.