Jinsi ya kuwaonyesha watoto The Iron Giant kwa Kiswahili, VJ ukiwa wewe mwenyewe

Hapa Kampala ukisema muvi imetafsiriwa hakuna mtu anauliza imetafsiriwa kwa lugha gani, ni Kiganda tu. VJ, yaani video joker, anakaa na maiki yake anaongea juu ya muvi mwanzo mpaka mwisho, anatafsiri, anachomeka utani wake, anawapa maadui majina ya mtaani, na kibanda kizima kinacheka hata pale ambapo mwenye muvi hakutaka mtu acheke. Mimi nimekua nikisikiliza VJ Jingo kwa hiyo, hiyo kazi naiheshimu sana. Lakini watoto wa mizigo yetu (vile vyumba vya kupanga, sio mizigo ya kubeba) wamechanganyika, kuna wa Congo, kuna wa Arua, kuna Wanubi wawili, kuna mmoja mamake ni wa Busia, na kinachowaweka pamoja ni Kiswahili, kile cha kwetu cha kuvunjika vunjika. Basi Jumamosi moja moja mimi ndio VJ wao, na muvi iliyonifundisha hii kazi ni The Iron Giant. Watu watatu wanne wameshaniuliza nafanyaje, naandika hapa mara moja yaishe.

Kama huijui usione aibu, wengi hawaijui. Ni katuni ya 1999, dairekta ni Brad Bird, yule aliyekuja kufanya The Incredibles baadaye, na hadithi imetoka kwenye kitabu cha watoto cha Ted Hughes cha 1968. Jitu la chuma linaanguka kutoka angani karibu na kamji kanaitwa Rockwell, kule Maine Marekani, mwaka 1957, na mtoto mmoja anaitwa Hogarth anakuwa rafiki yake na anahangaika kulificha lisionekane na mamake wala na serikali. Ilitengenezwa kwa mamilioni ya dola na kwenye majumba ya sinema hizo pesa hazikurudi zote. Watu walikuja kuipenda taratibu, kwa TV na kwa kanda, muvi ikiwa imeshaitwa hasara.

Kwanza uipate. Ukienda kwa wale jamaa wa kujaza flashi usiseme "ile ya Iron" ukanyamaza, utarudi nyumbani na Iron Man, mtu anaruka na suti anapiga kila kitu, na watoto watafurahi lakini sio hiyo. Taja jina lote na taja mwaka, 1999. Kama una namna ya kuinunua au kuikodi kihalali mtandaoni fanya hivyo, picha inakuwa safi na haina matangazo ya kamari yanayopita chini. Kuna pia toleo la 2015 lenye vipande viwili vya kuongeza, kimoja ni ndoto ya jitu ambapo unaona majitu mengine kama yeye yakiharibu sayari nzima, ni kipande kizuri lakini kama una watoto wa chini ya miaka sita mimi nasema chukua ile ya zamani. Hiyo ni kama dakika 87, betri ya laptopu iliyo nzima inaimaliza.

Alafu jaribu faili kwenye TV mchana, sio usiku watoto wakiwa wameshakaa. TV nyingi za bei yetu zinataka flashi ya FAT32 na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo ukipewa muvi ya GB 8 hata kuingia haitaingia. Ile isiyosumbua sana ni MP4 ya H.264, hiyo hata TV ya zamani inasoma. Na angalia umbo la picha: hii muvi ni pana sana, lazima iwe na mistari myeusi juu na chini. Mtu akiivuta ijaze skrini yote jitu linakuwa refu jembamba kama nguzo ya simu na Hogarth anaonekana mgonjwa.

Mambo ya kukaa ni mafupi. Wewe kaa pembeni ya TV ukiangalia watoto, usikae nyuma yao, maana utahitaji kuona sura zao kujua nani ameachwa njiani. Rimoti iwe mkononi, ukitaka kuongea shusha sauti, ukimaliza pandisha. Maiki ya nini kwa watoto kumi na mbili. Popkoni au kabalagala zitolewe kabla, sio katikati.

Sasa kazi yenyewe.

Iangalie mara mbili peke yako kabla. Mara ya kwanza furahi tu. Ya pili shika daftari uandike dakika za sehemu ambazo lazima uongee na, hii ndio VJ wengi wapya wanasahau, za sehemu ambazo lazima unyamaze. VJ mgeni anaogopa kimya, anafikiri akinyamaza watu watasema hajui, kwa hiyo anajaza kila nafasi mpaka muvi inakosa pumzi. Hii muvi ina sehemu nyingi hazina maneno kabisa na watoto wanazielewa kuliko wewe.

Kabla hujabonyeza play wape dakika mbili za historia la sivyo hawataelewa kwa nini watu wazima wote wana wasiwasi hivyo. Mimi nawaambia hivi: tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, kitu cha kwanza cha binadamu kuzunguka dunia kule juu, na Wamarekani wakaanza kuogopa kila kitu kinachong'aa angani. Wakati huo sisi hapa tulikuwa bado chini ya Mwingereza, uhuru ulikuja 1962. Inatosha. Mtoto mmoja huwa anauliza kama Sputnik ilikuwa na watu ndani, jibu ni hapana.

Majina usibadilishe, ila kazi za watu zibadilishe. Dean, yule jamaa wa vyuma vikuukuu anayetengeneza sanamu, ukisema ni msanii wa skrepu watoto wanakutazama tu. Sema ni fundi wa Katwe. Wameshapita Katwe, wameona majiko na masanduku ya bati yanagongwa kutwa nzima, basi wakiona ile yadi wanajua wako wapi. Na jitu linakula vyuma, hapo kwangu walianza kupiga hesabu atamaliza kilo ngapi kwa siku na mwenye skrepu atapata hasara kiasi gani, nikawaacha, hiyo nayo ni sehemu ya muvi.

Sauti ya jitu. Kwa Kiingereza aliyeiweka ni Vin Diesel, na anasema maneno machache sana, mazito. Usimfanye aongee sana, ukimpa sentensi ndefu umemuua. Hogarth anamfundisha maneno mwanzoni, jiwe, mti, na hapo ndipo nilipogundua kitu: jitu la kwangu linaongea Kiswahili cha Uganda. Linasema "mti ile", linasema "jiwe yangu". Watoto wanapiga kelele "sio mti ile, ni mti UULE!" na hao hao dakika kumi nyuma walikuwa wananiambia "anko viatu yangu imepotea". Wakenya na Watanzania wanatuchekaga kwa hayo, basi siku hiyo watoto wetu wanapata mtu wa kumfundisha wao. Kadri muvi inavyokwenda msahihishe kidogo kidogo, mpaka mwisho aseme sawasawa. Hawataliona likibadilika lakini watalisikia.

Vichekesho viwili vikubwa havihitaji tafsiri nyingi. Kimoja ni mkono wa jitu umekatika unazurura ndani ya nyumba wakati Hogarth anaombea chakula mbele ya mamake, na anageuza maombi kuwa ya kufukuza shetani ili ule mkono utoke. Katika nyumba yoyote ya Uganda inayoombea chakula hiyo inaua, wewe tafsiri maombi tu kwa sauti ya mchungaji. Cha pili ni dawa ya kuharisha anayowekewa mpelelezi Mansley. Nyamaza kabisa. Watakuelezea wenyewe.

Hapa sasa nataka nikae kidogo. Huyo Mansley wa serikali na wale wanajeshi, unawapa lugha gani?

Mara ya kwanza mimi niliwapa Kiswahili, na nilijiona mjanja. Jeshi lilipofika nikawawekea "Simama! Wewe! Lala chini! Toka hapo haraka!" kwa ile sauti unayoijua. Watoto walicheka mpaka wakalala chini kweli. Lakini mama mmoja jirani, mtu mzima, alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akageuka akaenda kwake bila kusema kitu. Kesho yake ndio akaniambia, bila hasira, kwamba Kiswahili cha kwanza yeye kukisikia maishani kilikuwa hicho hicho, kwenye roadbloku ya wanajeshi, akiwa mtoto wa umri wa hawa. Nami nimekulia kwenye line za kambi ya jeshi, kwangu Kiswahili ni lugha ya mama kuniita kula, sikuwahi kufikiri kwamba kwa mtu mwingine kinaanza na mtutu. Lakini ndio ilivyo, wazee wengi wa hapa ukiongea Kiswahili bado wanaangalia mikono yako kwanza, hata kama tangu 2005 katiba inakitaja na 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe mashuleni.

Na muvi yenyewe inahusu nini? Jitu lilitengenezwa kuwa silaha na linakataa. Brad Bird alikuwa amempoteza dada yake kwa risasi, na wazo alilowapelekea wenye studio lilikuwa hilo, je bunduki ingekuwa na roho na haitaki kuwa bunduki. Basi nikabadilisha mpango. Siku hizi kwangu serikali na jeshi wote wanabaki na Kiingereza chao, natafsiri nusu nusu kwa kunong'ona ili watoto wasipotee, na Kiswahili nimewaachia wanne tu: Hogarth, mamake, fundi wa Katwe, na jitu. Jaribu hivyo. Mama wa beseni alirudi mara ya pili na kigoda.

Sehemu ya paa aliyepigwa na wawindaji, ongea polepole na tumia maneno ya kawaida, bunduki, kufa, roho. Usiseme "silaha", usiseme "kufariki", mtoto hafariki kwenye kichwa cha mtoto mwenzake, anakufa. Kuna wakati Hogarth analiambia jitu kwamba mtu ndiye anayechagua awe nani. Nimeshasikia inatafsiriwa "wewe ni yule unayechagua kuwa" na hiyo ni Kiingereza kimevaa kanzu. Mimi nasema "Utakuwa nani, unaamua mwenyewe." Fupi, na jitu linaweza kuikumbuka baadaye. Ile ya jitu kumuaga Hogarth, kabla halijaruka kwenda kulizuia kombora, sema "Wewe baki. Mimi naenda. Usinifuate." na baada ya hapo funga mdomo mpaka jitu lifike juu kabisa, hata kama mtoto anakuvuta shati.

Wale wadogo wasogeze karibu nawe mapema, kabla Hogarth hajalielekezea jitu bunduki ya kuchezea. Macho yanakuwa mekundu na linafyatua bila kutaka, na kwa mtoto wa miaka minne hiyo inatisha kuliko mabomu yote ya mwisho, kwa sababu anayegeuka ni rafiki. Mwambie tu "halijui linafanya nini, subiri". Baadaye jitu likidhani Hogarth amekufa linageuka silaha lote zima, lakini hapo wameshazoea, na kinachowashtua zaidi ni Mansley kuagiza kombora la nyuklia lirushwe kwa jitu wakati jitu lenyewe limesimama katikati ya mji wao wote. Hapo pozi sekunde chache uwaulize litaangukia wapi. Kuna mmoja lazima ataelewa kabla ya wengine, utaona uso wake.

Baada ya hapo kuna sanamu ya jitu, na kuna skrubu moja ya mwili wake ambayo Hogarth analetewa, na wazazi wengi hapo wanadhani imeisha wanazima TV watoto wakiwa na machozi. Usizime. Skrubu inaondoka yenyewe usiku, na picha ya mwisho kabisa iko kwenye barafu ya Iceland.

Na hiyo picha ya mwisho uijue kwa kichwa, kwa sababu stima. Kwetu ilikatika jitu likiwa bado linapanda juu, giza tii, watoto kumi na mbili wanalia kwenye chumba kimoja. Nikawasimulia mwisho kwa mdomo, skrubu, dirisha, barafu, vipande vinavyotambaa kurudi, na afande mmoja mstaafu aliyekuwa nje kwenye baraza akawa ananisaidia kutoa ile sauti ya chuma kwa kugonga bakuli. Hakuna aliyeniamini. Walisema anko unatudanganya ili tulale. Stima ilirudi karibu saa nne, nusu yao walikuwa wamelala, na walioamka ikabidi niwarudishie nyuma dakika kumi nzima wathibitishe wenyewe. Kwa hiyo dakika ya kombora nayo iandike kwenye daftari, itakupunguzia kutafuta na rimoti gizani.