Krisanthemu ndani ya nyumba: weka chini hiyo chupa ya kupulizia, pima unyevu kwanza

Jamani wenye krisanthemu sebuleni naombeni mnisikilize, hasa nyie wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Kila masika naona picha zile zile, ua limeanza kuwa kahawia katikati, petali zimelowa zimelala, na mwenyewe anasema analitunza sana, kila asubuhi na jioni analipulizia maji. Shida ndo hapo hapo ilipo. Krisanthemu ikishafungua maua haitaki maji kwenye petali hata kidogo, inataka maji kwenye udongo, na hewa inayotembea, na hiyo hewa iwe na unyevu wa wastani, tuseme asilimia 40 mpaka 60. Ikifika 70 bado inavumilia kama hewa haijasimama. Ila ikikaa juu ya 85 usiku kucha, madirisha yamefungwa, na petali zina matone, hapo unakaribisha ukungu wa kijivu, wenye kazi yao wanauita Botrytis cinerea. Unaanza na kadoa kadogo ka kahawia kwenye petali iliyozeeka, baadaye unaona manyoya ya kijivu, ukiligusa ua linatoa vumbi, na hilo vumbi ndo mbegu za ukungu zinaruka kwenda kwenye maua mengine.

Kwahiyo kabla hujafanya chochote, pima. Kuna vipima unyevu vidogo vya dijitali, vya betri, vinapatikana madukani na mtandaoni na bei yake sio ya kutisha. Tatizo vingi vya bei rahisi vinasoma pembeni kidogo, so ukishanunua kijaribu kwa chumvi: chukua kizibo cha chupa ya soda, jaza chumvi ya kawaida ya jikoni, dondoshea maji kidogo iwe kama tope ila isiyeyuke yote, weka pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana kabisa, acha mpaka kesho. Hewa ya humo ndani inatulia kwenye 75. Kama kipimo kinasoma 80 basi kila siku utakuwa unatoa 5, kama kinasoma 71 unaongeza 4, imeisha hiyo.

Kiweke usawa wa majani, karibu na chungu, sio juu ukutani wala sehemu inayopigwa jua. Halafu soma mara mbili, alfajiri na mchana. Alfajiri ndo muhimu zaidi, kwa sababu hewa ikipoa asilimia inapanda yenyewe bila hata tone moja la maji kuongezeka, yaani mchana unaweza kusoma 60 ukafurahi kumbe saa kumi na moja alfajiri ilikuwa 88 na umande umeshakaa kwenye maua. Ndo maana pia sipendi chungu kigusane na kioo cha dirisha usiku, kioo kinapoa haraka na maji yanajikusanya pale pale.

Sasa pwani tatizo letu ni unyevu kuzidi, na dawa namba moja ni feni. Speed ya chini kabisa, ielekeze ukutani au juu sio kwenye ua moja kwa moja, iache izunguke usiku. Majani yakicheza kidogo sana inatosha. Vyungu usivibananishe, acha nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine. Madirisha fungua kuanzia jua likishapanda mpaka alasiri, ila mvua ikiwa inanyesha kufungua dirisha hakupunguzi kitu, huko nje ndo kumelowa zaidi. Na masika watu wengi tunaanika nguo ndani, hayo maji yote yaliyoko kwenye nguo yanahamia hewani, basi anika chumba kingine na ufunge mlango. Bafuni usipeleke kabisa, hata kama mtu amekuambia maua yanapenda mvuke.

AC inasaidia kukausha hewa, yale maji yanayodondoka kwenye bomba la nje ndo unyevu uliotolewa chumbani kwako, lakini ua lisikae mbele ya ule upepo wake, kingo za majani zitakauka. Na ukiizima ukatoka, unyevu unarudi, so acha na feni.

Kumwagilia ni asubuhi, kwenye udongo, chini ya majani. Chomeka kidole, kama juu pamekauka mpaka kiungo cha kwanza basi mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ile karatasi ya kung'aa wauzaji wanayofungia chungu itoe, inashikilia maji, mizizi inaoza na udongo unatoa mvuke muda wote. Ukiona majani yamelegea na udongo umelowa, usiongeze maji, hiyo sio kiu.

Maua yaliyozeeka kata kila ukiyaona, usiyaache juu ya udongo. Hii naisisitiza kuliko hata kipimo, maana ukungu unaanzia kwenye petali zilizokufa.

Wa sehemu kavu mna kazi tofauti. Dodoma wakati wa kiangazi, au nyie mliopo Ulaya na Canada wakati wa baridi hita inawaka mchana na usiku, kipimo kinaweza kushuka chini ya 30. Dalili ni kingo za majani kukauka, vitumba kukwama bila kufunguka, na utitiri wekundu, wale wadogo wanaokaa chini ya jani wanasuka utando mwembamba. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe, ukiona vidoa vinatembea ndo wao. Wanapenda joto na ukavu. Sogeza chungu mbali na hita, kusanya mimea pamoja, na kama una uwezo nunua mashine ya kuongeza unyevu uiweke kwenye 50. Sahani ya kokoto na maji inasaidia kidogo tu, na kupulizia kunaongeza unyevu kwa dakika chache halafu unarudi ulipokuwa. Kuosha majani kwa ajili ya utitiri sawa, ila osha asubuhi, upande wa chini wa jani, maua yashike pembeni yasilowe.

Nairobi ni katikati, Juni na Julai baridi watu wanafunga kila kitu, na kama unakaa bedsita unapikia gesi hapo hapo lilipo ua, moto wa gesi wenyewe unatoa mvuke ukiacha ule wa sufuria. Fungua dirisha ukipika, hata kidogo.

Kitu kingine, kama mmea una majani mazuri na hautoi vitumba usilaumu unyevu. Krisanthemu inatunga maua usiku ukiwa mrefu, na mashamba ya huku kwetu yanayokuza vipando huwa yanawasha taa usiku makusudi ili isichanue. Basi taa ya sebule inayowaka mpaka saa sita usiku inafanya kazi ile ile. Na mwenye paka aweke juu, majani yake ni sumu kwao.

Mwisho geuza majani uangalie chini. Ukiona vivimbe vya rangi ya krimu au pinki vinavyogeuka vyeupe, na juu ya jani kuna madoa ya njano yaliyopauka, hiyo ni kutu nyeupe, ugonjwa mwingine wa ukungu, inahitaji jani lililolowa ili isambae. Hapo usihangaike kuokoa, funga mmea mzima kwenye mfuko ukiwa pale pale ulipo, toa nje uchome au ufukie mbali na bustani, nawa mikono na osha mkasi kabla hujagusa chungu kingine.