Leseni ya ukandarasi: usianzie halmashauri, anzia CRB

Fundi akishazoeleka mtaani na kazi zikaanza kuwa kubwa kubwa, anaambiwa "kakate leseni", basi huyo mbio dirisha la biashara pale halmashauri, anarudishwa. Halmashauri haimfanyi mtu mkandarasi. Anayekusajili ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kwa sheria namba 17 ya 1997, halmashauri wao wanakupa leseni ya biashara tu na kabla ya kukupa watataka kuona cheti cha bodi.

Kwa hiyo anza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, sajili kampuni au jina la biashara, afu TRA ukachukue TIN, namba ya mlipakodi. Hapo TRA andaa na mkataba wa pango la ofisi, na usishangae ukiambiwa ulipie kodi ya zuio 10% ya pango, wengi inawakuta hawajajipanga kabisa. Ndo unaenda CRB sasa.

CRB unachagua aina (majengo, kazi za kiraia kama barabara, umeme, mitambo, au kazi maalumu) na daraja. Majengo yana madaraja 7, la saba ndo la chini, wengi wanaanzia hapo. Panapokwamisha watu ni mtaalamu: lazima kampuni iwe na mtu mwenye vyeti vya fani hiyo anayefanya kazi kwako kweli. Kuna mchezo wa kukodi cheti cha mtu ambaye hata site hajulikani, mi nakwambia achana nao, siku jamaa akijitoa usajili wako unabaki unaning'inia.

Ukishapata cheti ndo unaingia TAUSI, mfumo wa TAMISEMI, unatumia namba ya NIDA na TIN, unaambatanisha cheti cha CRB, tax clearance (cheti cha TRA cha kuonyesha hudaiwi kodi) na mkataba wa pango, unapewa control number unalipa hata kwa simu. Angalia jina, jamani! BRELA likiwa na "Company Limited" na cheti cha CRB kikasoma "Limited" peke yake, afisa biashara ana haki ya kukurudisha, na kurekebisha inachukua muda kuliko kuomba. Ukiwa na ofisi mbili sehemu tofauti, kila ofisi na leseni yake.

Afu msichanganye leseni na kibali cha ujenzi. Leseni ni yako wewe, kibali ni cha jengo kwenye kile kiwanja, kinaombwa halmashauri kwa ramani na hati za kiwanja, kwa hiyo kabla hujamwaga zege muulize mwenye nyumba kama anacho, na mradi wenyewe uusajili CRB na kibao kikae site.

Tenda za serikali ziko NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, na huko pia utajisajili.

Leseni ni ya mwaka mmoja. Ada ya CRB nayo ni ya kila mwaka lakini tarehe zake ni nyingine, ziweke zote mbili kwenye simu.