Pima kaboni ya udongo kabla ya kugeuza shamba kuwa nyasi au msitu

Ukishang'oa mahindi na kupanda nyasi au miti bila kipimo cha mwanzo, hakuna hesabu itakayokuonyesha baadaye kama udongo umeongeza kaboni au umepoteza.

1. Gawa shamba. Hapa Nairobi, udongo mwekundu wa Dagoretti haupimwi pamoja na mweusi wa Embakasi. Hata ndani ya ekari moja, tenga palipokuwa na boma la ng'ombe: samadi ya zamani itakudanganya. Kila sehemu iwe na vituo 8 hadi 10 vya kuchukulia udongo. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, kwa hiyo pima pia kwa futi kutoka nguzo ya mpaka.

2. Chukua udongo wa sentimita 0–10, 10–20 na 20–30, kila tabaka na ndoo yake. Changanya udongo wa kila ndoo peke yake, kisha tia nusu kilo kwenye mfuko wa karatasi. Anika kivulini, chekecha kwa matundu ya milimita 2.

3. Pima uzito wa udongo kwa ujazo. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Tafuta kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa 5.1, ukingo umenolewa upande wa nje. Ujazo wake ni sentimita 100 za ujazo. Weka ubao juu, gonga polepole katikati ya kila tabaka. Udongo wa ndani ukizama chini ya ule wa nje, umeushindilia: mwaga, rudia pembeni. Chimbua bomba, kata ncha zote mbili kwa kisu, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, pima gramu, gawa kwa 100. Udongo mweusi hupasuka kiangazi, basi upime una unyevu, na urudi msimu uleule.

4. Peleka mifuko maabara, kwa mfano Kabete kwenye KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, na uulize wanapima kaboni kwa mbinu gani. Walkley-Black, mbinu ya kemikali, hukamata takriban robo tatu tu ya kaboni, ndiyo maana majibu huzidishwa kwa 1.3. Usibadilishe mbinu katikati ya miaka.

5. Zidisha asilimia ya kaboni kwa uzito wa hatua ya 3, kisha kwa kina cha sentimita. Tuseme mahindi yalikupa 2.0 × 1.0 × 30, yaani tani 60 kwa hekta. Baada ya miaka 5 ya malisho unapata 1.9 × 1.2 × 30, tani 68.4. Usishangilie. Kwato zimeshindilia udongo, na sentimita 30 za sasa zina tani 3,600 za udongo kwa hekta badala ya 3,000. Tani 3,000 zile zile sasa zimo ndani ya sentimita 25: 1.9 × 1.2 × 25 ni 57. Umepoteza tani 3. Ukiona hivyo, kwanza uliza ng'ombe ni wangapi, na nyasi zinazokatwa huuzwa wapi.