Jinsi ya kulitumia neno "hearty" bila kukwama

Jioni huwa nafundisha Kiingereza hapa Mbeya, na wanafunzi wangu wengi ni wahudumu wa hoteli na waongoza watalii. Hearty huwasumbua kwa sababu kila mmoja anataka neno moja la Kiswahili akalikariri. Halipo.

Hatua ya kwanza, matamshi. Sema "haati", a ikivutwa. Mmarekani huisikizisha r. Mtu wa London huimeza. Ukisema "heati" mgeni atabaki anakutazama.

Hatua ya pili, angalia nomino inayofuata, maana ndiyo inayoamua. Ikifuata welcome, ni mapokezi ya bashasha. Ikifuata laugh, ni kuangua kicheko, kama akina mama wa soko la Mwanjelwa mteja anapotaja bei ya ajabu. Ikifuata meal, ni mlo wa kushiba, hata kama ni wa bei rahisi. Makande ya moto mwezi wa Julai, baridi ya Uyole ikiwa imeingia mifupani: hiyo ndiyo a hearty meal. Kipande cha keki hakimo, kiwe kitamu vipi.

Hatua ya tatu, mtu. Hale and hearty husemwa zaidi kwa wazee. Babu wa miaka 80 kule Tukuyu ambaye bado anapanda kilima kwenda kwenye migomba yake. Sisi tungesema yu buheri wa afya. Kijana wa miaka 20 muache, ataona unamzeesha.

Hatua ya nne ndiyo yenye mtego. Mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia mgeni aliyefiwa: hearty condolences. Nilikuwa nimemfundisha kwamba neno limetoka kwenye heart, yaani moyo, naye akapiga hesabu yake vizuri tu: rambirambi za kweli hutoka moyoni. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia kwamba hearty imebeba uchangamfu, na mfiwa hapewi pole kwa uchangamfu. Msibani ni heartfelt. Kwenye pongezi, hearty congratulations haina shida.

Halafu kuna heartily. I heartily agree ni kukubali kwa moyo wote. Lakini ukisikia mgeni anasema I'm heartily sick of this bus, usitabasamu: basi limemchosha kabisa, na pengine bado hamjafika hata Makambako.