Namba ya Uthibitisho ya Benki Isipofika kwenye Simu

Unapoingia kwenye akaunti yako ya benki mtandaoni na namba ya uthibitisho isifike, usibonyeze ovyo kitufe cha kuomba nyingine, kwa sababu kwa kawaida ombi jipya huibatilisha namba iliyotangulia, na ujumbe uliochelewa ukifika utakuwa hauna kazi tena. Subiri dakika chache kwanza. Kisha washa hali ya ndege kwa muda mfupi na kuizima, ili laini ijisajili upya kwenye mtandao, na utazame kama ujumbe haukuangukia kwenye folda ya taka au miongoni mwa namba ulizozizuia. Tarakimu za mwisho ambazo benki huonyesha kwenye skrini, mathalani nyota kadhaa zikifuatwa na 47, zisome kwa makini: huenda benki bado inatuma ujumbe kwenye laini uliyokwisha kuiacha.

Ikiwa laini imepoteza mtandao ghafla ilhali simu za wenzako zinafanya kazi, jambo hilo lisipuuzwe, kwani yawezekana mtu ameihamishia namba yako kwenye kadi nyingine ya simu. Azima simu, uwapigie mara moja kampuni ya simu na benki; kwa benki, tumia namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako ya benki, wala si ile uliyoikuta kwa kutafuta mtandaoni. Anayekutaka umsomee namba ya uthibitisho, hata akilitaja jina lako kamili, mkatie simu.